Kutafuta Kaburi la Babu: Je, Ni Kuabudu Wafu?

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mwanzo 23, Kumbukumbu la Torati 18:9-12, 2 Wafalme 23:15-18, Nehemia 2:1-8.

Jumapili iliyopita nilipotaja makaburi kwenye mahubiri, kuna watu walikaa wima kwenye viti na kuna waliotazama chini. Baada ya ibada nilifuatwa na watu sita mlangoni, na watano kati yao swali lilikuwa lile lile: "Pasta, mtu aliyeokoka anaweza kwenda kufyeka kaburi la babu yake, ama huko ni kujifunga na wafu?" Mlangoni si mahali pa kujibu swali kama hilo. Nimemwomba Pasta Mkuu anipe kurasa za juma hili.

Nilisomea biashara, kwa hivyo naanza na upande wa madeni.

Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilikuwa na miezi michache tu katika wokovu na moto mwingi. Bibi yangu, mamake mama, alikuwa anakaribia miaka tisini. Kila Pasaka alikuwa na kawaida ya kuchukua kijana mwenye panga, waende kwenye uwanja wa kanisa la zamani la misheni hapa Pwani, wafyeke kaburi la babake. Mwaka ule kijana hakupatikana. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nipeleke wewe. Na ukinipeleka utapajua, maana mimi sasa nimezeeka."

Badala ya kutafuta panga nikafungua Biblia. Nikamsomea Kumbukumbu la Torati 18. Nikamwambia lile kaburi ni madhabahu, kwamba roho za ukoo zinamngoja pale, na kwamba shida zote za familia zinaingilia mlango huo. Huyu ni mama aliyebatizwa akiwa mchanga, ameimba kwaya miaka hamsini, na alikuwa akiamka saa kumi za usiku kuniombea kabla sijajua kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, baba." Hakwenda tena. Baada ya miaka miwili Bwana akamchukua, tukamzika kwingine, na mahali pa kaburi la babake akaenda napo.

Mwaka huu Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, akaniita nyumbani kwake. Ana miaka 82. Alikuwa amefanya kazi bara maisha yake yote na kaburi hilo alilijua akiwa mtoto tu. Hakuzungusha maneno: "Wewe ndiye uliyemkataza mama. Basi wewe ndiye utakayelitafuta." Sikuwa na andiko la kumjibu.

Pengine unauliza kaburi moja lina uzito gani hivyo. Familia ya mama yangu ni ya wale ambao hapa Pwani waliitwa Wamisheni. Mnaopita Kengeleni kila siku kwa matatu, ile kengele mnayoipita ni ya Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kwa mkataba kufunga masoko ya watumwa, lakini biashara iliendelea kwa siri, na manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi yaliyobeba watu. Waliookolewa walihitaji pa kukaa. Chama cha misheni cha CMS kikaanzisha Frere Town mwaka 1875, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wengine walikaa Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikuwa wameanza kazi tangu 1846. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wa mbali, na wengi walikuwa watoto. Walipobatizwa walipewa majina ya Kiingereza. Jina la nyumbani lilibaki kichwani mwa mtoto, na mtoto akizeeka likafifia.

Wewe ukitaka kujua ulikotoka unapanda basi kwenda Siaya au Murang'a au Kaloleni, unaonyeshwa boma, unaonyeshwa mti. Ukoo wetu unaanza na mvulana mmoja aliyeshushwa ufuoni kutoka melini. Nyuma yake hatuna kitu. Mahali pekee duniani palipobaki alama yake ni mstari mmoja kwenye rejista ya kanisa na kipande cha ardhi cha futi sita. Mimi nilikifunga kile kipande kwa mahubiri.

Sasa tuje kwenye Neno.

Andiko nililomsomea bibi lipo na halijafutwa. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kupiga ramli, kutaka habari kwa pepo, na kuwaendea wafu kuwauliza mambo. Anayekwenda kaburini usiku na mafuta na kuku mweusi ili marehemu amfungulie biashara, huyo andiko linamhusu, na akija kwangu nitamwambia vivyo hivyo. Lakini soma taratibu. Kilichokatazwa ni kumuuliza marehemu. Kuuliza habari za marehemu kwa walio hai, alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, amelala wapi, hilo Biblia yenyewe inalifanya kila mahali. Mimi nilichanganya hayo mawili kwa sababu yote yana neno wafu ndani yake.

Mtazame Yosia. Hakuna mfalme aliyevunja sanamu kuliko huyu. Alipofika Betheli alibomoa madhabahu, akafukua makaburi ya pale mlimani na kuichoma mifupa juu ya ile madhabahu ili kuitia unajisi. Katikati ya kazi hiyo akaona alama ya kaburi moja, akasimama, akauliza: ile pale ni ya nini? Watu wa mji wakamweleza ni kaburi la mtu wa Mungu aliyetoka Yuda na kutabiri mambo yale yale Yosia aliyokuwa akifanya. Mfalme akaamuru lisiguswe. Kati ya nabii yule na Yosia kulikuwa na miaka kama 300, na bado wenyeji waliweza kujibu bila kutafuta. Yosia angeweza kusema, kaburi ni kaburi, choma yote. Alikuwa na moto wa kutosha. Lakini aliuliza kwanza, na hapo ndipo ananipita mimi wa mwaka wa pili chuo kikuu.

Ibrahimu naye, mimi humsoma kwa jicho la biashara. Mwanzo 23 ni mkataba kamili wa mauziano. Efroni anajifanya kutoa bure, kama wauzaji wa ardhi wanavyojua kufanya, halafu anataja bei kwa upole: shekeli 400 za fedha. Ibrahimu hapunguzi hata moja. Anapima fedha mbele ya mashahidi langoni pa mji, na mwandishi anaorodhesha shamba, pango lililomo ndani yake, na hata miti iliyokuwa mpakani. Mtu aliyeahidiwa nchi nzima, kipande cha kwanza kuwa mali yake kwa malipo ni kaburi la mkewe. Na ile miti kwenye mkataba, ikumbukeni, tutairudia.

Nehemia ndiye aliyenigusa zaidi mwaka huu. Mfalme Artashasta alipomuuliza kwa nini uso wake una huzuni, Nehemia hakuanza na hekalu wala soko. Alisema mji wa makaburi ya baba zake umekuwa ukiwa, na hakuona aibu kumwambia hivyo mfalme wa kigeni. Halafu akafanya jambo ambalo sisi watu wa kiroho hulidharau: aliomba ruhusa na barua.

Sisi pia tulianza na barua. Wengi hudhani kutafuta kaburi ni kuingia na panga na kuanza kufyeka. Uwanja ni wa parishi, na kila kaburi mle lina wenyewe hata kama hawaonekani. Tulimwandikia kasisi, baraza la kanisa likakaa, tukaruhusiwa kwa masharti: tusichome moto, tusikate mti mkubwa, tusihamishe jiwe lolote. Hilo la moto lina maana sana. Nyasi zikichomwa kazi inaonekana imeisha kwa saa moja, lakini saruji na mawe hupasuka, na misalaba ya mbao iliyokuwa imebaki inakwisha. Sitaitaja parishi hiyo. Wazee wake walitupokea vizuri, na kichaka kilichokuwa juu ya babu yetu ni mimi nilikipanda.

Siku ya kwanza hatukugusa jani. Tulikaa ofisini na rejista ya mazishi. Rejista ya Kianglikana ina safu za jina, alikokuwa akikaa, siku ya kuzikwa, umri, na jina la aliyeongoza ibada. Nikatafuta safu ya mahali kaburi lilipo. Haipo! Kwa mtu aliyefundishwa kuhesabu stoki hili lilinishangaza, ni kama stoo iliyoandika kila gunia lililoingia bila kusema liko rafu gani. Kumbe zamani haikuhitajika. Kila mtu alikuwepo kwenye mazishi, na asiyekuwepo alionyeshwa na mamake.

Jambo la pili: jina la babu lilitokea mara mbili. Mmoja alizikwa 1919, umri 40. Mwingine 1936, umri 65. Majina ya ubatizo yalikuwa machache na waliobatizwa walikuwa wengi, kwa hivyo jina peke yake halitoshi. Na umri ni wa kukisia, maana mtoto aliyeshushwa kutoka melini hana cheti cha kuzaliwa. Tulijua wetu ni wa 1936 kwa sababu bibi alizaliwa 1922, na alikuwa akisema alimzika babake akiwa na miaka kumi na minne. Nawasihi ndugu, mkienda kutafuta, nendeni na umri na mwaka na jina la mke. Mkikosa kwenye parishi, msidhani ni mwisho. Barua na ripoti za wamisheni wa CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Nairobi nayo ina mafaili ya zamani.

Mama Mkubwa alikuwa na ramani yake kichwani: "Ukitoka mlango wa pembeni unaenda moja kwa moja hadi kwenye mkwaju mkubwa. Ukiupa mkwaju mgongo, liko safu ya pili." Tulitoka mlango wa pembeni. Hakukuwa na mkwaju. Palikuwa na ukuta wa miiba na mikwamba umefika kifuani, na miarobaini michanga imejiotea yenyewe.

Tulirudi Jumamosi mbili zilizofuata, watu tisa, na gambuti, panga, slasha, kamba na daftari. Binamu yangu mmoja, ameokoka kama mimi, alikaa ndani ya gari na madirisha amefunga. Sikumlaumu, mahubiri anayoyaogopa ni yangu. Tulifunga kamba kuanzia ukuta wa mashariki, safu baada ya safu, na kila kaburi tulilofunua tulilipa namba kwenye kijiti na kwenye daftari. Wakristo wa zamani walilazwa kichwa magharibi na miguu mashariki, kwa tumaini kwamba Bwana akija wataamka wakimtazama. Ukijua hivyo unajua jiwe la kichwani ulitafute upande gani. Mahali pasipo na jiwe, tulipapasa kwa fimbo, kwa sababu udongo wa kaburi la zamani hudidimia na mguu unaweza kuzama.

Kusoma maandishi kuna wakati wake. Saa sita mchana jua likiwa utosini hutaona herufi hata moja. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, mwanga ukija kwa ubavu, herufi zinajitokeza zenyewe. Mchana tulitumia kioo kidogo kurusha mwanga wa pembeni. Tulisafisha kwa maji na brashi laini peke yake. Kuna aliyekuja na brashi ya waya na asidi ya choo, tukazirudisha garini. Mengi ya makaburi yale hayakuchongwa na fundi. Mtu wa familia aliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi, S imegeuka nyuma, jina limeanza kubwa na kumalizika dogo kwa kukosa nafasi. Nimeona makaburi mengi ya vigae na marumaru miaka hii, mengine ya watu ambao walilala hospitali miezi bila mtoto kufika. Bwana Yesu aliwasema waliopamba makaburi ya manabii, Mathayo 23. Ile S iliyogeuka hakuigusia.

Namba 31, jina likatokea. Jina la babu, lote, limeandikwa kwa msumari. Mtu alipiga kelele, Mama Mkubwa akaletwa akishikwa mikono huku na huku, akapiga magoti kwenye nyasi zilizokatwa na kuanza kumshukuru Mungu kwa machozi. Binamu akapiga picha, na kabla sijasema neno ilikuwa tayari kwenye WhatsApp ya familia. Mimi nikawa nimesimama na daftari. Chini ya jina kulikuwa na mwaka, umefutika nusu, lakini tarakimu mbili za mwisho zilisomeka: 19. Si 36.

Wapendwa, nilitamani kunyamaza. Ni mzee, ana magoti mabovu, amefurahi, na nani angejua? Lakini mara ya kwanza nilimpotosha bibi kwa kusema nisichokijua, na hapa nilikuwa karibu kumpotosha binti yake kwa kutosema ninachokijua. Nikachuchumaa karibu naye nikamwambia, "Mama Mkubwa, huyu siye. Ni yule mwingine wa kwenye rejista."

Alinyamaza muda mrefu. Akaifuta ile saruji kwa upindo wa leso yake. Halafu akasema, "Basi mmalizie kumtolea majani. Naye ana wenyewe."

Jumamosi ya pili saa kumi hivi jioni, kijana mmoja alijikwaa. Alichojikwaa ni kisiki, kipana kama meza, kimeoza katikati. Mkwaju. Ulikatwa, mwaka gani hakuna aliyekumbuka. Tuliupa kisiki mgongo, tukahesabu safu ya pili, tukafyeka. Makaburi matatu. La kwanza lilikuwa na jina la mwanamke. La pili udongo mtupu. La tatu lilikuwa na bamba la saruji, msalaba umevunjika, hakuna herufi hata moja. Nikawa naandika "halisomeki" kwenye daftari nikasikia Mama Mkubwa akisema, "Mwageni maji pale kichwani."

Maji yakaonyesha simbi, zile za baharini, zimekandamizwa kwenye saruji. Mbili zimebaki. Zingine zilikuwa zimeng'oka zikaacha mashimo. Akasema saruji ile ilimwagwa yeye akiwa na miaka kama saba, na yeye ndiye aliyeshika kopo la simbi, na mamake alizipanga saba. Kumi na tano iliyopita mimi ningeuliza zile simbi zina maana gani ya kishetani. Sasa niliuliza swali moja tu, kama angeweza kunyamaza kidogo nihesabu. Mbili zilizobaki, mashimo matano.

Kwenye daftari nimeandika: "Na. 38. Yamkini ndilo. Ushahidi: kisiki, safu, simbi 7. Hakuna maandishi." Mama Mkubwa hakulipenda neno yamkini. Anataka jina lichongwe mara moja. Baraza la parishi limesema litajadili, na bado hatujapata jibu.

Tulichofanya pale niwaambie ili msisikie kwa wengine. Hatukumwaga kitu wala kumwita marehemu kwa jina. Hatukumwomba atuangalie. Tuliimba, Mama Mkubwa akaomba, akamshukuru Mungu kwa mvulana aliyetolewa kwenye jahazi akawekewa mkono kichwani na kubatizwa. Aliomba pia kwa ajili ya wazazi wa yule mvulana, hapana, nisahihishe: alimshukuru Mungu kwa ajili yao. Hao hatutawapata. Walibaki upande wa pili wa ziwa Nyasa au njiani, na hakuna rejista. Nilimkumbusha Kumbukumbu la Torati 34, kwamba Musa mwenyewe kaburi lake halijulikani na mtu hata mmoja, na aliyemzika ni Mungu. Akaniambia, "Hilo ungemsomea mama."

Binamu wa garini alishuka hatimaye. Alikuja na jagi la maji ya kunywa, akatugawia, na bila kuambiwa akachukua reki.

Jumatano hii kwenye ushirika wa nyumbani someni 2 Wafalme 23:15-18 kwa sauti, watu wawili, mmoja Yosia na mwingine watu wa mji. Jadilini: mtu akisimama nyumbani kwenu leo na kuuliza lile swali la Yosia, nani atamjibu? Kila mmoja aje na jina la mtu mmoja wa ukoo wake aliyemtangulia katika imani na mahali alipolazwa. Asiyejua apige simu nyumbani kabla ya Jumatano, na aanze na aliye mzee kuliko wote. Sisi tunarudi kwenye uwanja ule Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumalizia safu nne zilizobaki, pamoja na kuwatafuta jamaa wa namba 31. Anayetaka kuja aje na gambuti zake. Mama Mkubwa ameagiza zake, saizi ya tano.